Mfufueni Kabla ya Jumamosi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Koma, na jina hilo lilikata kuwili. Kwanza lilitokana na ile alama ya uandishi, maana hapakuwa na daftari lililotoka mikononi mwake bila koma nyekundu kutapakaa ukurasa mzima kama upele. Pili, hilo ndilo neno alilowaambia wapiga soga wa nyuma ya darasa, na akilisema, hata waliokuwa hawapigi soga walikoma. Mwenyewe alijua anaitwa hivyo na hakuwahi kulalamika. Jina fupi, halina kosa la tahajia. Mwalimu wa Kiswahili ataka nini zaidi?

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi mweusi wa cherehani. Uzi huo ulitoka kwa mumewe, ambaye alikuwa fundi nguo na mtu wa mzaha usio na likizo. Fundi alipenda kuwasimulia wateja kwamba enzi za uchumba barua zake zilirudi zimesahihishwa. "Ya kwanza nilipata kumi na mbili kwa ishirini," alisema, huku pini zimejaa mdomoni. "Nikajua nimekubaliwa."

Kwa kukosoa mwalimu alikuwa karimu. Kwa kusifu, alikuwa mkono wa birika. Aliamini kabisa kwamba mtoto akisifiwa huvimba kichwa, na kichwa kilichovimba hakiingii sentensi.

Kila Jumatano baada ya vipindi, watoto wachache waliopenda kuandika walikutana naye katika maabara ya zamani. Mabomba yalikuwa yamekauka miaka mingi, kwa hiyo kwenye masinki ya mezani waliweka kalamu, vichongeo na wakati mwingine mkate. Kilikuwa Chama cha Uandishi, na humo Mwalimu Koma alikuwa akipigana vita na jua. Kila insha ya shule ile ilianza kwa jua kuchomoza kwa madaha, ndege wakiimba nyimbo tamu na umande ukimetameta majanini. Insha ya harusi, jua linachomoza. Insha ya ajali ya barabarani, jua linachomoza. Kuna mmoja aliandika juu ya wizi wa usiku wa manane, na jua likachomoza vilevile, wezi wakakimbia. Mwalimu akatangaza kwamba jua likichomoza tena kwenye karatasi yoyote ya chama, mwenye jua lake atatoka nalo nje wakaote pamoja.

Basi siku moja mkuu wa shule akamwita ofisini. Mkuu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajapewa ofisi, na mtu wa hesabu hata umpe kiti cha kuzunguka, bado atahesabu mizunguko.

"Mwalimu, hiki chama chako kinatupa nini?" aliuliza.

"Kinatupa watoto wanaoweza kusema wanachofikiri."

"Hicho hakimo kwenye mtihani."

"Ndiyo maana tunakifanya saa za ziada, Mkuu."

Mkuu akakuna kidevu. Alisema hesabu za shule zinatia aibu, kwamba anaitaka Jumatano kwa ajili ya masomo ya ziada ya hesabu, lakini kwa kuwa yeye si mtu wa kuonea, atatoa nafasi. Siku ya wazazi ilikuwa inakuja. Chama kisome kazi zake mbele ya wazazi. "Wakikaa mpaka mtakapomaliza kusoma, Jumatano ni yako. Wakiondoka, Jumatano ni ya hesabu. Nimekuonea hapo?"

Hakumwonea, mpaka ratiba ilipobandikwa. Hotuba, hotuba nyingine, kugawa ripoti za wanafunzi, halafu, mwisho kabisa, Chama cha Uandishi. Na kila mwalimu anajua kwamba mzazi ukishampa ripoti ya mwanawe umempa ruhusa ya kuondoka. Aliyefurahi anakimbilia nyumbani kutangaza, aliyekasirika anakimbilia nyumbani kutandika.

Mwalimu Koma aliumia. Wiki nzima alikuwa mashine ya kusahihisha majibu aliyoyajua kabla hayajaandikwa, na saa ile moja ya Jumatano ndiyo iliyomkumbusha kwa nini alichagua kazi hii akaacha kazi nyingine zote duniani. Wakiichukua, atabaki na ripoti. Alimwambia mumewe hivyo hivyo usiku ule, na kwa mara ya kwanza fundi hakupata mzaha wa kusema.

Jumatano iliyofuata akawapa chama kazi ya Siku ya Wazazi. "Mtaandika wasifu," alisema. "Wasifu wa mtu wa kawaida. Sitaki mawaziri, sitaki wanasoka. Mtu mnayemwona kila siku na hamumwangalii. Mnajua wasifu ni nini?"

"Ndiyo mwalimu," wakaitikia kwa pamoja.

Hapo angesimama akachunguza. Mwalimu mkongwe kama yeye anajua kwamba "ndiyo mwalimu" ya pamoja ni shimo lililofunikwa majani. Lakini aliitwa kikao cha walimu, kikao kikavuta mpaka jioni, naye akaondoka akiamini kazi imeeleweka.

Jumatatu, mpishi wa shule alikuja chumba cha walimu na aproni yake, upawa mkononi. Alikuwa mtu mzito, mwenye kutembea polepole kama aliyebeba sufuria hata asipoibeba. Akamsalimu Mwalimu Koma kwa adabu, akavuta kiti, hakukaa.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza kwa heshima," alisema. "Mimi naumwa?"

"Unaumwa nini tena?"

"Hilo ndilo nauliza mimi. Kuna kijana wako, yule mwenye sauti wanamwita Spika. Kaja jikoni na karatasi. Kaniuliza, mzee, umeacha watoto wangapi? Nikamwambia sijaacha mtoto, ninao wanne na wote wananila. Kaandika. Kaniuliza ugonjwa ulianza lini. Nikamwambia ugonjwa gani? Kasema, wowote tu mzee, chagua."

Walimu wengine waliacha kunywa chai.

"Halafu kaniuliza ningependa kuzikwa wapi," mpishi akaendelea, "kwa sababu anataka kuiandika vizuri. Sasa mwalimu, mimi si mtoto. Kama Mkuu ana mpango wa kunipunguza kazini, aniite mwenyewe aniambie. Asinitumie watoto kunipunguza duniani."

Mwalimu Koma alimtuliza, akamsindikiza hadi jikoni, kisha akarudi mbio kwenye maabara ya zamani ambako wanachama walikuwa wameshaweka kazi zao mezani. Akavaa miwani. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa getini: marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu, alisumbuliwa na maradhi kwa muda mfupi, na Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kwa kulala, mlinzi yule alikuwa hajambo kitambo. Karatasi ya pili ilimwua mama wa duka la vitafunio. Ya tatu, msichana mmoja alikuwa amemwua bibi yake mzaa mama kwa ajali ya baiskeli, na bibi huyo Mwalimu Koma alikuwa amesalimiana naye sokoni jana yake, anachagua vitunguu. Akafungua nyingine, na nyingine. Msiba mtupu. Hakuna aliyesalimika. Wote walikuwa wacheshi, wote wapenda watu, na wote tuliwapenda lakini Mungu aliwapenda zaidi.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakumbuka Siku ya Wazazi ni Jumamosi ile, kicheko kikamkauka.

"Nani aliyewafundisha kwamba wasifu ni wa marehemu?" aliwauliza Jumatano.

Spika akasimama, na aliposema, vioo vya dirisha vikatetemeka kidogo. "Mwalimu, wasifu husomwa msibani. Sisi hatujawahi kuusikia mahali pengine."

"Na nilipouliza kama mnajua, mkasema mnajua."

"Mwalimu, ukiuliza kama tunajua, huwa tunasema ndiyo."

Mwalimu akatazama zile nyuso na masinki yaliyojaa kalamu, akapiga moyo konde. "Haya. Mmeua, sasa mfufueni. Kabla ya Jumamosi nataka kila mtu humu awe mzima."

Wakaanza. Walidhani ni kazi ndogo, kufuta neno marehemu na kugeuza "alikuwa" iwe "ni". Lakini walipofuta marehemu, maradhi ya muda mfupi, ucheshi na upendo wa watu, waligundua kwamba kwenye karatasi hakuna mtu aliyebaki. Palikuwa na jina la kazi na tarehe. Ikabidi warudi kwa watu wenyewe wakawatazame upya. Spika alikwenda jikoni akakaa juu ya gunia bila kuuliza swali hata moja, na akarudi na habari kwamba mpishi huzigombeza sufuria. Ile kubwa huiambia, "Wewe mvivu, mwenzako kashachemka." Mwalimu Koma alisoma sentensi hiyo mara mbili, akarekebisha koma moja, akairudisha. Kwake yeye hiyo ilikuwa tuzo, lakini mtoto angejuaje?

Aliyebaki ni msichana mmoja wa kimya, wenzake walimwita Kifutio. Aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, hadi karatasi zake zilitoboka na meza yake ikawa na vumbi la raba kama unga wa msumeno. Wasifu wake hakuna aliyeuona.

"Wako uko wapi?" mwalimu alimuuliza.

"Bado nafuta, mwalimu."

"Unamwandika nani?"

"Mtu mmoja."

"Utasoma wa mwisho basi, upate muda wa kumaliza kufuta." Aliongeza kitu kingine kuhusu watu wanaosubiri dakika ya mwisho, Kifutio akainamisha kichwa, na habari ikaishia hapo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkuu alihutubia, mwenyekiti wa bodi naye akahutubia yaleyale kwa sauti nene zaidi, kisha ripoti zikagawiwa na mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Akina mama wakaanza kukusanya mikoba. Funguo zikalia. Baba mmoja alikuwa tayari nje anawasha pikipiki. Spika alisoma juu ya mpishi, na sauti yake iliwazuia wengine hadi sehemu ya sufuria mvivu, wakacheka, na mpishi aliyesimama mlangoni akajifanya anakagua bawaba. Lakini waliofuata hawakuwa na sauti ya Spika. Mtoto mmoja akisoma, safu moja inaondoka. Mkuu, kwenye kiti chake cha heshima, alikuwa akitazama viti vitupu na midomo yake ikicheza. Anahesabu, Mwalimu Koma aliwaza. Alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono imebana mkoba, na moyo umemwisha. Mumewe alikuwa amefunga duka akaja, amekaa nyuma kabisa, na hata kwa mbali mwalimu hakuweza kumtazama.

Kifutio akapanda jukwaani. Karatasi yake ilikuwa na matundu, mwanga wa dirisha ukipita katikati. Akasema kwa sauti ndogo:

"Marehemu alizaliwa akiwa mtoto wa pili katika familia ya watoto watano."

Ukumbi ukanyamaza papo hapo. Watu wetu wana mengi ya kulaumiwa, lakini hakuna ambaye huondoka wasifu wa marehemu ukisomwa. Waliokuwa mlangoni waligeuka. Wanaume wakavua kofia. Walioshafika uani wakarudi kwa kunyata, wakakaa, mikoba mapajani, nyuso zimeinama. Yule wa pikipiki akazima. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Nani kafa?" na mwenzake akajibu, "Sijui, lakini nyamaza."

Mkuu akamwinamia Mwalimu Koma. "Nani amekufa, mwalimu? Mbona sina taarifa?"

Hata yeye hakuwa nayo. Alikuwa akisaga meno. Wote wamefufuliwa, huyu mmoja kabaki kaburini, na mbele ya bodi.

"Marehemu alikuwa mwalimu," Kifutio akasoma. "Alivaa miwani yenye uzi wa cherehani. Marehemu hakuwa mcheshi. Nimeambiwa niseme alipenda watu, lakini nimechunguza, alipenda sentensi. Ukimletea sentensi nzuri alikuwa haisifu. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akakurudishia bila kuigusa, na wewe ulilazimika kujua mwenyewe kwamba umefaulu. Wengi hawakujua. Waliacha kuandika wakidhani hawawezi."

Mwalimu Koma alihisi uso unamwaka. Alijaribu kuwakumbuka waliokuwa wameacha chama, na nyuso zilikuja nyingi kuliko alivyotaka. Ilimchoma, na lililomchoma zaidi ni kwamba hapakuwa na kosa mahali popote.

"Nilipoingia shule hii niliandika insha ya kurasa nne. Marehemu aliikata yote isipokuwa sentensi moja iliyosema: Mama yangu akikasirika hufua nguo. Pembeni akaandika: Hii ni yako. Mpaka leo ninayo."

Katikati ya ukumbi mama mmoja akajifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimcheza, na jirani zake wakampapasa mgongo wakidhani ni majonzi.

"Marehemu alitufundisha sote kuandika, lakini hatujawahi kuona hata ukurasa mmoja alioandika yeye. Kalamu yake yote iliishia pembeni mwa madaftari yetu. Nadhani maneno hayo ya pembeni yakikusanywa ni kitabu kikubwa, ila kimetawanyika majumbani mwa watu." Hapo wanawake kadhaa walikuwa wanafuta machozi kwa ripoti za watoto wao. Kifutio akageuza karatasi. "Marehemu ameacha watoto watatu, na mjane mmoja ambaye ni fundi nguo."

"Mgane," ilisema sauti kutoka safu ya mbele.

Hakukusudia. Neno lilitoka lenyewe, kama mguu unavyoruka daktari akigonga goti. Na kwa kuwa sasa limeshatoka, na ukumbi mzima umemgeukia, Mwalimu Koma akasimama na kumalizia. "Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane. Mjane ni mwanamke."

Watu waliona mwanamke mfupi, amevaa miwani yenye uzi wa cherehani. Mama mmoja alikaa pale ambapo kiti hakikuwepo. Mzee mmoja wa bodi akaanza kusali. Kisha kutoka nyuma fundi akainuka na kusema kwa sauti ya kawaida, "Na mimi ndiye mgane mwenyewe. Nashukuru kwa kunifariji, lakini naona nimerudishiwa."

Kicheko kilianzia mlangoni kwa mpishi, kikaenda hadi jukwaani, kikarudi. Watu walishikana mikono. Mama wa Kifutio alikuwa analia na kucheka kwa zamu. Hakuna aliyekumbuka ripoti, na waliokuwa uani walikuwa wamebanana madirishani wakiuliza marehemu ni yupi.

Mkuu alisubiri hadi pakatulia kidogo. Alitazama viti, kimoja kimoja, kwa uaminifu wa mtu wa hesabu. "Wamekaa," alisema hatimaye, kwa uchungu. "Lakini wamekaa kwa sababu ya msiba."

"Hukusema wakae kwa sababu gani, Mkuu."

Mkuu akafikiri, akatafuta mlango wa kutokea, hakuuona. "Sikusema," alikubali. "Jumatano ni yako. Lakini hilo neno mgane, mimi nilikuwa sijui."

Wazazi walichelewa kuondoka. Walimzunguka Mwalimu Koma, wengine wakimshika mkono na kuubinya kidogo kuhakikisha. Alipopata nafasi alipenya hadi ukingoni mwa jukwaa, ambako Kifutio alikuwa anakunja karatasi yake polepole isichanike zaidi. Mwalimu alikuwa ameandaa kusema kitu kizuri. Hakuwa amezoea, kwa hiyo kikatoka alichozoea.

"Mgane na mjane nimefundisha muhula uliopita. Wewe mwenyewe ulipata zote."

"Ndiyo mwalimu."

"Sasa umekoseaje?"

Kifutio akatazama viatu vyake. "Ulisema tufufue. Nilijaribu kukufufua kwa maneno yangu, nikawa nafuta tu, hufufuki. Nikaona nikuwekee kosa, utaamka mwenyewe."

Mwalimu Koma alivaa miwani. Akaipokea ile karatasi yenye matundu, akaikunjua, akaisoma tena yote amesimama palepale, watu wakimpita. Alitaka kumwambia yule msichana kwamba ni nzuri, na kwamba wale walioacha atawatafuta. Neno la kwanza liligoma, akavua miwani tena. Kisha akalisema.